Ngoma Iliyovuka Bahari, na Sheria ya Kulinda Mali ya Kale

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na Mfasiri wa Serikali katika baraza la Bura, mbele ya wazee, akina mama na vijana wa pande zote mbili za Mto Tana. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu. Nawashukuru wale waliovuka mto asubuhi hii kutoka upande wa Garissa, na wale walioacha maji yakiingia mashambani ili waje kusikiliza. Kazi yangu ni kufasiri sheria na matangazo ya Serikali kwa Kiswahili. Mimi si hakimu, wala sikutumwa kutoza kodi. Nimekuja kwa sababu habari zimeenea kando ya mto huu ya kwamba Serikali yataka kuandika vitu vya kale vya watu ili ipate kuvichukua, na wazee wameomba waelezwe sheria yasema nini hasa.

Nitaanza na habari ya kuchukuliwa, maana mwenye hofu hiyo hakuiokota njiani. Ana sababu.

Wapokomo walikuwa na ngoma iitwayo Ngadji. Haikuwa ngoma ya arusi wala ya kuchezea vijana mbalamwezini. Ilikuwa ngoma takatifu ya wazee, chimbuko la uwezo wao na fahari ya kabila zima. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliinyang'anya. Mwaka 1908 ikaingia katika jumba la British Museum, mjini London, na huko imekaa zaidi ya miaka mia moja, tena si mahali pa kutazamwa na watu, bali ghalani. Miaka hii ya karibuni mzao mmoja wa ukoo wa watawala wa Kipokomo alisafiri hadi London akaonyeshwa ngoma ya babu zake, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Basi mzee wa Kipokomo asikiapo karani wa Serikali akiuliza, "Mna vitu gani vya kale?", asilaumiwe akinyamaza kwanza.

Je, sheria ya wakati ule ilisemaje? Haikusema neno, maana haikuwapo. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi magofu ya kale katika Kenya ilitungwa mwaka 1927, yaani miaka ishirini na mitano baada ya Ngadji kuondoka. Ikafuatwa na nyingine mwaka 1934. Walioziandika walikuwa na macho ya kuona mawe. Mwaka ule ule wa 1927 gofu la Gedi, karibu na Malindi, lilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu, na jambo hilo lilikuwa jema, kwa kuwa laiti lisingetangazwa mawe yake yangalikwisha kujengea nyumba za watu. Hata hivyo sheria inayotazama kuta haioni ngoma, haioni fimbo ya mzee, wala haisikii wimbo. Na huku kwetu Bura kuta za mawe ziko wapi? Msomali na Morma walihama na nyumba zao juu ya ngamia na ng'ombe. Mpokomo alijenga kwa miti na majani, na mto ulipobadili njia yake naye akabadili kijiji. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu angeweza kudhani kwamba watu wa Tana hawana mambo ya kale, kwa kuwa tu hawakuacha magofu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ngadji ilitoka kwa sababu hapakuwa na sheria. Leo hairudi kwa sababu iko sheria. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya British Museum, ambayo yawakataza wadhamini wa jumba hilo kutoa kitu chochote kilichomo, isipokuwa kwa sababu chache sana: mathalani kama wana kingine kinachofanana nacho, au kama kitu hicho hakifai tena kuwekwa na kukitoa hakutawadhuru wasomi. Kuazima wanaweza. Ndiyo sababu mwaka 1924 — la, nisamehewe, ulimi umeteleza, ni mwaka 2024 — Waasante wa Ghana walipoona tena vyombo vyao vya dhahabu mjini Kumasi, baadhi vilitoka katika jumba hilo hilo la London, na vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu. Mwenye mali alitia sahihi ya kuazima mali yake. Mimi sitasema kama walifanya vizuri au vibaya. Mtu aliyekosa kumwona mama yake kwa miaka mia na hamsini akiambiwa aje amwone kwa siku tatu, atakwenda.

Kwa kulinganisha, tazameni habari ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Fimbo zake tatu za utawala zilichukuliwa. Hazikuingia katika jumba lililofungwa na sheria. Zilibaki katika nyumba ya Meinertzhagen, na mwaka 2006 mwanawe akazirudisha, nazo sasa ziko Nandi. Mtu mmoja akipata kuguswa moyo hurudisha. Jumba lenye sheria haliguswi moyo mpaka sheria yake ibadilishwe na Bunge. Haya nawaambia msije mkadhani kwamba kimya cha London ni ukaidi wa mtu mmoja awezaye kubembelezwa kwa barua nzuri.

Lakini habari ambayo ningependa mwende nayo nyumbani ni ya Wagiriama. Wao huwasimamishia wazee wao waliokufa, wale wa chama cha Gohu, nguzo za mti zilizochongwa, ziitwazo vigango. Kigango si pambo. Ni mzee mwenyewe amesimama pale. Huko nyuma vilianza kuibwa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanya biashara wa Mombasa, na vijana walioviiba walipata fedha kidogo tu. Mwaka 1985 mwanamke mmoja msomi kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baada ya miezi michache akarudi kumletea mzee picha yake. Akamkuta katika huzuni: vigango vyote viwili vimeibwa. Mzee akamsihi amsaidie kuvitafuta. Atavitafutaje? Dunia ni pana.

Miaka kumi na minne ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mwenzake aitwaye Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Illinois. Udvardy akatazama, akashtuka. Kimoja alikijua! Baadaye cha pili kikaonekana katika jumba la Hampton, Virginia. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa. Lakini picha ilikuwapo, na jina la mwenyewe lilikuwapo, na mwaka ulikuwapo. Hapakuwa na njia ya kubisha. Vigango vyote viwili vikarudi, na mwezi wa Juni 2007 vikapokewa kwa sherehe, jamaa wakavizungushia vyuma visiibwe tena.

Katika majumba ya Marekani vilipatikana mamia ya vigango. Vingine vimerudi, vikiwamo 37 kutoka Illinois mwaka 2023. Lakini vingi katika hivyo vilivyorudi havijulikani vilitoka katika boma la nani. Vimerudi Kenya, havijarudi nyumbani. Navyo 30 vilivyotumwa na jumba la Denver vilifika uwanja wa ndege wa Nairobi mwaka 2019, vikakwama katika bohari kwa sababu ya ushuru, kana kwamba ni mali ya biashara inayoingizwa nchini. (Hapa wazee mnacheka, na mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaona haya.)

Je, tofauti ya vile viwili na vile vingine ni nini? Si sheria, maana sheria ilikuwa moja kwa vyote. Tofauti ni picha moja iliyo na jina na mwaka. Sheria ni kama mbwa mkali aliyefungwa kamba: atamrukia mwizi, ila lazima mwenye mji aonyeshe ni kitu gani kilichoibwa, na kwamba kilikuwa chake.

Sasa nije kwenye sheria yenyewe. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 1983, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ndiyo itumikayo leo. Nina neno la kuungama juu yake. Nilipoifasiri mara ya kwanza kwa ajili ya baraza moja kama hili, niliandika kwa haraka kwamba "vitu vya kale ni mali ya Serikali." Mama mmoja mzee akasimama, akauliza kwa upole kama kibuyu cha maziwa alichoachiwa na mama yake sasa ni cha Serikali. Nikarudi kwenye maandishi ya Kiingereza, nikaona kosa ni langu. Maneno yaliyo mali ya Serikali ni yale — nasema vibaya tena — vitu vilivyo mali ya Serikali ni vile vya kale vinavyokutwa ardhini, juu yake au chini yake. Kilichomo nyumbani mwako ulichorithi, ni chako. Neno moja dogo likiachwa na mfasiri, watu wanaficha vibuyu vyao.

Basi iko hivi. Kitu cha kale, kwa hesabu ya sheria hiyo, ni kitu cha kuchukulika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Nami huwa nashangaa kwamba ukale wetu unapimwa kwa kuingia kwa mgeni, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Kwa milango ya kuchonga kama ile ya Lamu kiasi ni mwaka 1946. Ukikuta kitu cha kale, iwe unachimba kisima, au unalima, au unafyeka mathenge kando ya mfereji, yakupasa upeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa katika siku saba, ukieleza mahali penyewe hasa na namna ulivyokikuta. Usikisugue, usikivunje kutazama kama ndani mna dhahabu. Ukiweza, usikiondoe mahali pake mpaka umeelezwa, kwa kuwa kigae kilichotolewa udongoni bila kujulikana kilikuwa wapi ni kama barua iliyochanwa nusu.

Kile ulichorithi, kaa nacho. Lakini kama ni cha kale kwa kiasi nilichotaja, au kimetangazwa kuwa cha kulindwa, usikiuze wala usikitoe nje ya nchi pasipo kibali. Mnunuzi akikuambia kwamba kibali hakina maana, jueni kwamba huyo ndiye asiyetaka jina lake liandikwe popote.

Tena Waziri anaweza kutangaza katika gazeti rasmi la Serikali kwamba mahali fulani ni pa kumbukumbu: makaburi, kisima, msitu wa wazee, jengo. Tangazo hilo halishuki kama mvua ya ghafla. Mwenye mahali anayo miezi miwili ya kupinga, na pingamizi lake halina budi kusikilizwa. Wengi hapa hawalijui hilo, na kwa kutokujua hunyamaza, kisha hunung'unika miaka ishirini. Ukiona tangazo hukubaliani nalo, andika barua. Kama huwezi kuandika, mwambie mwanao aliye shuleni.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: sheria hii ina nguvu gani huku kwetu, ambako ofisi za makumbusho tunazozijua ziko Lamu, Malindi na Mombasa? Swali lake ni la haki, na sitalizunguka. Sheria ina adhabu za faini na kifungo, lakini haina macho mengi. Hakuna mlinzi wa Makumbusho atakayekaa juu ya kila kaburi la kale kati ya hapa na Ijara. Trekta linapopasua mfereji mpya, dereva huona udongo tu. Vijiji vya zamani ambavyo mto uliviacha havina kibao. Anayejua kwamba pale penye mkwaju ndipo walipozikwa watu wa kijiji fulani ni mzee, na mzee huyo akiondoka bila kumwambia mtu, hapo hata sheria kali kuliko zote haina la kulinda. Katiba ya mwaka 2010 imezigawa kazi hizi: mambo ya kumbukumbu yenye uzito wa taifa zima ni ya Serikali kuu, na shughuli za utamaduni pamoja na majumba ya makumbusho ya mahali ni za kaunti. Kwa hiyo sasa mnaweza kumwuliza mjumbe wenu wa kaunti ana mpango gani, naye hawezi kuwaambia nendeni Nairobi.

Yamebaki yasiyoshikika kwa mkono. Nyote mwaujua wimbo wa taifa. Sauti yake ilitoka hapa kwenye mto huu, katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka 1963 wanamuziki waliochaguliwa na Serikali, miongoni mwao Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, waliichukua sauti hiyo wakaitilia maneno mapya. Kila asubuhi ya shule, mtoto wa Kisomali hapa Bura na mtoto wa Kijaluo huko Kisumu huimba kwa sauti ya mama wa Kipokomo akimnyamazisha mwanawe. Pamoja na hayo, mwaka 2021 kampuni moja ya muziki ya Uingereza ilidai mitamboni kwamba wimbo huo ni haki yake, kwa kuwa ilikuwa na santuri yake ya kuupiga. Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya ikalazimika kutoka hadharani kuupigania. Hebu fikirini, kama wimbo wa taifa zima unaweza kudaiwa na mgeni, itakuwaje nyimbo za kunywesha ng'ombe kisimani, au ujuzi wa mama wa Kiorma wa kusuka chombo kisichovuja maziwa?

Katiba, katika ibara ya 11, imeagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe kwa matumizi ya utamaduni wao. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za jadi. Yasema kwamba mgeni atakaye kutumia ujuzi wenu au wimbo wenu kwa faida yake hana budi kwanza kupata ridhaa ya jamii yenyewe, baada ya kuelezwa wazi anataka kufanya nini. Haki hiyo mnayo hata kama hamjaandikisha kitu. Lakini kaunti zimeagizwa kuweka daftari, na yule aliyeandikwa hujibu madai upesi kuliko yule anayeanza kutafuta mashahidi.

Kazi ya kuhesabu vilivyotoka imekwisha kuanza mahali pengine. Kuanzia mwaka 2018 Makumbusho yetu ya Taifa, pamoja na majumba ya Cologne na Frankfurt huko Ujerumani na wasanii wa Kenya, yaliziandikia taasisi za ng'ambo kuuliza zina nini cha Kenya. Zile thelathini zilizojibu peke yake zilikuwa na vitu 32,321. Mwaka 2021 maonyesho yakafanywa Nairobi, yakiwa na makabati matupu kuwa alama ya vitu ambavyo haviko. Sijui kabati lipi lingeumiza zaidi, lile la Ngadji au la kitu ambacho hatujui hata kwamba tulikuwa nacho.

Sasa niwaeleze la kufanya leo. Pale chini ya mti karani ameketi na daftari. Daftari hilo ni la baraza lenu, litakaa kwa wazee, wala sitaondoka nalo. Nakala itapelekwa kaunti kama wazee wenyewe watakubali. Linaandika jina la kitu au mahali, mwenyewe ni nani, kilitoka kwa nani, na tarehe ya leo. Vijana wenye simu za picha wapige picha, na mwenye kitu aonekane pamoja na kitu chake, kama alivyoonekana yule mzee wa Kigiriama. Mambo ya siri ya wazee hayaandikwi. Andikeni tu kwamba yako, na ni nani mwenye idhini ya kuyasema. Yule mama wa kibuyu cha maziwa amesafiri kuja hapa, namwona ameketi mstari wa mbele. Ameomba awe wa kwanza.